Lebo kwanza, wingi baadaye

Wingi wa nyimbo kwenye diski unasifiwa kupita kiasi. Wimbo ambao DJ hawezi kuupata ndani ya sekunde 20, ukumbi umejaa, ni sawa na wimbo asio nao. Chukua Mbaraka Mwinshehe: alipiga na Morogoro Jazz, kisha mwaka 1973 akaunda Super Volcano. Faili moja likibeba jina lake kwenye lebo (maelezo yaliyoandikwa ndani ya faili), jingine la bendi, la tatu limeandikwa “Track 03” tu, programu ya DJ itaona wasanii watatu, na mzee anayeomba “Mbaraka” atapigiwa kile kilichoangukia jina moja.

Wapo watakaosema programu kama Rekordbox au Serato hupima kasi na ufunguo zenyewe, basi jasho la kuandika lebo ni la nini? Kwa amapiano iliyotengenezwa kwenye kompyuta, sawa, hupima vizuri. Lakini singeli ya mapigo zaidi ya 200 kwa dakika huweza kusomwa nusu yake, na bendi za zamani zilishikiwa mdundo na mtu, si mashine. Sebene likichemka kasi hupanda, gridi ya mapigo iliyonyooka huteleza. Tena hakuna programu inayojua kwamba wimbo fulani ni wa bibi harusi kuingia, si wa saa saba usiku. Hilo huandikwa kwa mkono. Muda? Nyimbo 10 kwa siku ni 3,650 kwa mwaka.