MUKAU MBICHI SI KOSA LA FUNDI



Twaandika habari za mukau kwa sababu hapa Machakos mlango ukipinda hukatwa mshahara wa fundi, na mbao haiulizwi kitu.

Mti huu twaujua. Wazee wetu Ukambani walichonga mizinga ya nyuki kwa mukau, na majani yake huwalisha mbuzi wakati wa kiangazi. Kiini chake ni chekundu cha kahawia, mchwa hawakipendi, randa hupita vizuri, na milango na meza zake hazioni haya mbele ya mahogani. Tena humea penye mvua chache, na baada ya miaka kumi hadi kumi na tano hivi hufaa kupasuliwa. Mbegu ndiyo yenye ukaidi: sharti kokwa livunjwe ndipo iote vema. Watafiti wa misitu kule Kitui wameishughulikia miaka mingi, pamoja na Wajapani.

Basi taabu yatoka wapi? Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji katika misitu ya umma, na wenye karakana wakazidi kuitazama miti ya mashambani. Mkulima mwenye karo ya kulipa huuza mti ungali mchanga. Hatumlaumu. Lakini mti mchanga una weupe mwingi na kiini kidogo, na ule weupe huliwa na wadudu. Isitoshe, hupasuliwa leo, kesho uko mezani kwa fundi, maji bado yamo.

Mwenzetu mmoja alimwambia tajiri wake mbao ni mbichi. Akajibiwa, mteja anangoja. Kiangazi kilipofika mlango ukapinda, viungo vikaachia, naye akakatwa bei ya mlango mzima.

Sisi twasema huo ni uonevu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yaruhusu tajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibiwa na mfanyakazi kwa makusudi. Je, ni fundi aliyenunua mbao mbichi kwa makusudi?

Twataka kila karakana iwe na banda la kukaushia, mbao zipangwe kivulini na vijiti katikati yake, upepo upite. Mpaka hapo, fundi akipewa mbao mbichi aseme mbele ya shahidi, kisha aandike tarehe katika daftari lake, na kwa penseli juu ya ubao wenyewe, upande utakaofichwa na fremu.