Sabuni na ndagala kwa waaskari: zawadi ndiyo, kodi hapana

Wandugu wa Fizi na Baraka, wazazi wetu, vijana wenzetu,

Kwa majuma mengi sasa, kila anayepita sokoni Baraka anawaona: vijana wawili watatu, gunia moja, daftari moja. Ni mutualite ya vijana wa mitaa yetu, pamoja na wanamotari, wanakwaya wa makanisa na wamama wauza ndagala. Wanakusanya vitu vya kupelekea waaskari: sabuni, chumvi, unga wa muhogo, ndagala kavu, mawese, kandambili. Wanavifunga katika vifurushi vidogo na kuvipeleka kwa majeruhi walio hospitalini na kwa wake wa waaskari walio kambini na watoto.

Baadhi yetu tuko ndani ya kazi hiyo. Wengine kati yetu waliikataa, na tuligombana juu yake mkutano mzima. Barabarani nako watu wanatuuliza: "Ninyi munaolaumu serkali kila siku, leo munabeba gunia ya jeshi? Wamewanunua?" Tunawajibu hapa, mbele ya wote.

Kwanza, sababu ya kutoa. Sisi wa Fizi hatuhitaji kufundishwa maana ya kukosa jeshi la kutulinda. Wazazi wetu walizika watu wa Makobola, waliouawa mwisho wa mwezi wa 12 mwaka 1998 na mwanzo wa 1999, wakati waasi wa RCD walikuwa wakitawala. Juzi tena, mwaka 2025, Goma ilianguka mwisho wa mwezi wa kwanza, Bukavu katikati ya mwezi wa pili. Tuliona waaskari wakishuka kwa wingi katika bonde la Ruzizi hadi Uvira, wenye njaa, wengine bila viatu, wengine wakitafuta mtumbwi wa kwenda Kalemie. Kuna walioiba na kupora njiani, hatutaficha. Lakini kuna pia waliobaki, wakarudi kwenye mistari, na leo wamelala kitandani na mguu umekatwa. Huyo mtoto wa Equateur au wa Kasai, hana shangazi hapa Baraka wa kumletea bugali. Katika hospitali zetu kila mtu anajua: mgonjwa asiyekuwa na ndugu wa kumpikia, analala njaa.

Mama mmoja muuza ndagala alipima kopo mbili, akamimina ndani ya gunia, akasema: "Mwanangu alienda jeshini, sijui yuko wapi. Yule atakayekula hii, aliyezaliwa na mama kama mimi." Hakutaka jina lake liandikwe katika daftari. Hayo tunayaita upendo wa raiya, na hatutaki mtu yeyote ayachafue.

Pili, sababu ya wale wanaokataa. Tulipofika Fizi centre, mama mwingine alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akajibu kwa neno moja: "2011." Akarudi ndani na kufunga mlango.

Vijana wadogo labda hawajui. Usiku wa tarehe 1 Januari 2011, waaskari wa jeshi letu wenyewe waliingia katika nyumba za Fizi, wakabaka wamama kwa makumi, wakapiga na kuiba. Komanda wao alikuwa Luteni-Kanali Kibibi Mutware. Mwezi uliofuata korti ya kijeshi ilisafiri ikakaa hapa hapa Baraka. Wamama walisimama mbele ya majaji, wengine wakiwa wamefunika uso, wakasema yote. Tarehe 21 Februari 2011 Kibibi alihukumiwa miaka 20 ya gereza kwa makosa dhidi ya ubinadamu. Ilikuwa mara ya nadra sana kwa afisa wa cheo chake kuhukumiwa hivyo katika nchi yetu.

Kwa hiyo tunasema wazi: yule mama ana haki ya kufunga mlango. Hakuna kijana mwenye daftari anayeweza kumwita msaliti. Hakuna mtu atakayemwandika katika orodha ya "wasiopenda nchi". Yeye alitoa zaidi yetu sote: alitoa ushuhuda ulioweka afisa gerezani. Jeshi likitaka mlango ule ufunguke tena, sabuni yetu haitoshi. Inatakiwa nidhamu, na inatakiwa korti irudi kila mara kosa linapotendeka.

Tatu, tofauti kati ya zawadi na kodi. Neno "mchango wa vita" si jipya huku. Wabelgiji waliliita "effort de guerre": mwaka 1942 waliongeza siku za kazi ya lazima vijijini kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka, ili babu zetu walime na kugema mpira juu ya vita ya Ulaya. Wakaja Wasimba mwaka 1964. Ikaja PRP mwaka 1967, na maquis ya Hewa Bora katika milima yetu, ambako mkulima alilima kwa ajili ya wapiganaji. Kila kundi lilisema linapigania raiya. Kila kundi lilikula muhogo wa raiya. Uliza wazee kama kulikuwa na nafasi ya kusema "mwaka huu sina".

Leo hali iko namna gani? Kwenye barabara zetu kuna kamba na vijiti vilivyovukishwa njia. Mwanamotari anasimama, anatoa franka, anaambiwa ni ya "wapiganaji". Muuza muhogo anasimama, anapunguziwa kikapu. Hapati karatasi, hapati jina la aliyepokea. Pale penye bunduki mkononi mwa anayeomba, hapana zawadi tena. Na ubaya ni huu: kila baryeri inatumia jina la kazi nzuri ya vijana wale wa gunia na daftari. Mama akishatozwa mara tatu kati ya Baraka na Fizi, ya nne tukimfikia na gunia, ataona sisi pia ni baryeri.

Nne, serkali. Katika mwezi wa 3 mwaka 2025 Rais Tshisekedi alitangaza kwamba mshahara wa waaskari na polisi unaongezwa mara mbili. Tulipiga makofi. Sasa tunauliza bila kuogopa: kama mshahara umeongezwa, na kama mshahara unapitia benki, kwa nini bibi ya askari anakuja kutuomba kipande cha sabuni? Feza inakwamia wapi? Ni nani anabeba majina ya waaskari waliokufa na kuendelea kula posho zao? Kulisha askari, kumvalisha na kumtibu ni deni ya serkali, liko katika bajeti ya taifa. Kifurushi chetu ni cha ndugu kwa ndugu. Hakiwezi kuwa pazia la kufunika tundu ambalo mkubwa fulani anapitishia magunia yake usiku.

Tano, jambo gumu kuliko yote, na tunajua wengine watatukasirikia. Mwezi wa 12 mwaka 2021, kule Lweba, hapa hapa Fizi, afisa wa FARDC alishushwa kutoka gari la jeshi, akauawa na kuchomwa na watu. Alikuwa amevaa nguo ya jeshi la Kongo. Alikuwa anatumikia Kongo. Kosa lake lilikuwa kabila: alikuwa Munyamulenge. Walioshika mawe siku ile hawakutoka mbali. Walikuwa watu wa kwetu.

Hatuwezi kusema "waaskari wetu" tukimaanisha baadhi tu. Katiba yetu, kifungu cha 188, inasema jeshi ni la jamhuri, liko kwa taifa zima. Basi kifurushi hakiulizi majeruhi anazungumza Kibembe, Kifuliru, Kinyamulenge, Lingala au Tshiluba. Kijana yeyote wa kundi letu atakayepita kitanda kimoja bila kuacha kitu juu ya kabila ya mgonjwa, atoke kwetu siku hiyo hiyo.

Ndiyo maana, baada ya kugombana na kusikilizana, tulikubaliana mambo haya na tunayaomba kwa makundi yote yanayokusanya vitu Baraka, Fizi, Mboko, Nundu, Lulimba na Misisi:

1. Anayetoa atoe kwa hiari. Asiyetoa asiulizwe sababu.

2. Hatupokei feza taslimu barabarani. Wandugu walio ng'ambo wanaotuma kwa simu, jumla ya kila juma isomwe hadharani pamoja na ilichonunua.

3. Orodha ya vilivyoingia na vilivyotoka ibandikwe mlangoni pa kanisa, pa msikiti na sokoni. Majina ya watoaji yasiandikwe pale, hesabu tu.

4. Vitu viende kwanza kwa majeruhi, wajane na yatima. Tunavipeleka mkono kwa mkono. Havipitii ofisi ya komanda yeyote.

5. Hatutoi mafuta ya gari, hatutoi simu wala kitu chochote cha vita. Kifungu cha 190 cha Katiba kinakataza mtu yeyote kuunda kundi la silaha au kutunza vijana wenye silaha. Sheria ya mwezi wa 5 mwaka 2023 iliunda jeshi la akiba. Anayetaka kupigana, aingie mlango huo na majina yake yajulikane.

6. Raiya waliokimbia vita na wakimbizi wa Lusenda na Mulongwe wasisahauliwe. Wao pia wanalala bila sabuni.

Kwa wakubwa wa jeshi na wa territoire tunaomba tatu: ondoeni baryeri zote zinazotoza watu kwa jina la vita, semeni hadharani ni chakula gani kinatumwa kwa waaskari wa Fizi na kinafika lini, na kosa la askari kwa raiya lipelekwe kortini, kama ilivyofanyika Baraka 2011.

Kwa vijana wa gunia na daftari: endeleeni, tuko pamoja. Jumamosi tutakuwa sokoni tena, asubuhi. Anayekuja, aje na mikono mitupu na kalamu. Na tukifika Fizi centre, kwenye ule mlango uliofungwa, hatutabisha. Tutasalimia kwa heshima na kupita.

Imefanyika Baraka,
Sisi, vijana wa Fizi na Baraka