Si Kila Wawili ni Wapenzi

Tangu tamthilia ya Kimarekani The X-Files ianze mwaka 1993, mashabiki wake wamegawanyika kambi mbili: Mulder na Scully, wapelelezi wa visa vya mauzauza, wawe wapenzi au wabaki marafiki? Chris Carter, mtunzi wake, mwanzoni alikataa mapenzi. Namuunga mkono.

Scully ni daktari, aliyetumwa kuipima kwa ushahidi kazi ya Mulder, mwenye kuamini yasiyoonekana. Anampinga, na kwa kupingwa huko Mulder anamheshimu. Wanaolilia busu, watanisamehe, wanamwona mwanamke na kuisahau taaluma.

Jicho hilohilo ndilo tunaloingia nalo ofisini. Hapa Pongwe, mhasibu wa kike akipewa lifti mara mbili na mwenzake, kufika alasiri mtaa umekwisha kuwaozesha. Akipandishwa cheo, sababu wanayo tayari. Mwanafunzi naye husita kumfuata mhadhiri kwa swali la halali kabisa. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinamwadhibu mwenye mamlaka anayedai ngono kama sharti la ajira, cheo au haki. Hakimgusi mwenye kueneza uvumi, nao uvumi huchelewesha barua ya cheo cha mtu.