Usiku Nao Upewe Leseni

Mhariri mpendwa, nipe nafasi katika jarida letu la mwaka huu nilipe deni. Deni lenyewe si la pesa. Ni la maneno niliyopaswa kuyasema katika mjadala wa chama chetu muhula uliopita, nami nikayameza kama mtu anayemeza kidonge kichungu.

Wasomaji wapenzi, bila shaka mnaikumbuka hoja ya siku ile: "Biashara za vyakula vya usiku zipigwe marufuku." Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Msemaji wa kwanza wa upande wa watetezi, ambaye simtaji jina (mwenyewe anajijua!), alitueleza jinsi alivyonunua viazi na kachumbari usiku wa kuamkia siku ya kufungua shule, na jinsi alivyolazwa hospitalini siku 3. Alieleza kila kitu, hata yale yasiyosemwa mbele ya walimu. Akamalizia kwa kusema kwamba samaki mmoja akioza wote wameoza, na kwamba wauzaji wa usiku ni wachafu, wanafuga wezi, na wanachafua mji. Watu walicheka mpaka wakalia. Mimi nilikuwa msemaji wa tatu wa upinzani. Zamu yangu ilipofika nilisoma nukta 2 nilizokuwa nimeziandika kiganjani, nikaketi. Tulishindwa vibaya sana.

Kumbe mle ukumbini hakuna aliyekuwa na mengi ya kusema kunishinda. Mama yangu mzazi huuza viazi karai usiku, upande wa Likoni, hatua chache tu kutoka njia wapitayo watu wanaoshuka kwenye feri. Viazi hivyo ndivyo vilivyoninunulia sare hii niliyoivaa. Lakini nilipovisikia vile vicheko niliona haya. Nikajiuliza, nikisema, kesho nitaitwa nani? Karai? Basi nikanyamaza. Leo nasema, na atakaye kuniita Karai na aniite.

Hebu twende wote pale kibandani. Feri huvusha watu usiku na mchana, kwa hivyo Likoni hailali. Saa nne za usiku wanapita wafanyakazi wa bandarini waliomaliza zamu. Saa tano wanateremka kwenye matatu akina dada wanaofanya kazi katika mahoteli ya Diani, miguu imewavimba kwa kusimama. Halafu wauguzi, makuli, na mabawabu wanaokwenda kuwapokea wenzao. Mama ana meza moja, jiko la makaa, karai, taa ya betri, na benchi lenye mguu uliofungwa kamba. Hayo tu.

Nilipokuwa mdogo jambo moja lilikuwa likinishangaza. Kuna akina mama walionunua viazi vya shilingi 20 kisha wasivile. Waliviweka mkobani, wakaketi benchini, wakawa wanaangalia barabara. Siku moja nikamwuliza mama, mbona yule hali? Akanijibu, "Mwanangu, yule hakununua viazi. Amenunua pa kungojea." Kungojea nini? Kungojea wenzake. Njia ya kuingilia mtaani ina giza, nao hawaingii mpaka watimie watatu au wanne wanaoelekea upande mmoja. Wakitimia, mmoja husema, "Haya, twendeni," wakaondoka pamoja huku wakipiga soga kwa sauti ya juu makusudi. Mama huwajua kwa majina ya watoto wao. Asipoonekana mmoja siku 2, huuliza. Sijui kama kuna afisi yoyote inayoyajua hayo, maana hayakuandikwa popote.

Tarehe 27 Machi 2020 serikali ilianzisha kafyu kwa sababu ya korona, kuanzia saa moja ya jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Silaumu, kwani maradhi yalikuwa yakiua. Saa zilibadilishwa mara kadhaa, na kafyu yenyewe haikuondolewa mpaka tarehe 20 Oktoba 2021. Muda wote huo karai la mama lilikuwa chini ya kitanda. Ila si watu wote waliokaa ndani. Wauguzi walikuwa miongoni mwa walioruhusiwa kutembea, maana wagonjwa hawana kafyu. Jirani yetu mmoja ni muuguzi. Usiku mmoja alinyang'anywa mkoba na simu hatua chache kutoka pale lilipokuwa benchi letu, mahali alipopita miaka na miaka bila kuguswa na mtu. Asubuhi alikuja kwetu mkono umefungwa bendeji. Akamwambia mama, "Mama Karai, siku wakikuruhusu, irudishe taa yako." Hakusema arudishe viazi.

Najua mtaniambia kwamba mwizi angeweza kuja hata kama taa ingekuwapo. Labda. Lakini mwizi hapendi kutazamwa, na muuza viazi, kati ya mteja na mteja, hana kazi nyingine ila kutazama.

Isitoshe, sisi watu wa pwani tuna ushahidi wetu wa kila mwaka. Mwezi wa Ramadhani mji wa Mombasa hukesha. Baada ya tarawehe watu hutoka, watoto wakanunua kashata, wazee wakaketi na kahawa yao chungu, mishikaki ikawa motoni mpaka karibu na wakati wa daku. Sijapata kumsikia mtu akisema usiku wa Ramadhani ni wa wahuni. Na ni usiku ule ule, jamani! Giza ni lile lile. Kilichozidi ni watu na taa.

Sasa nirudi kwa mwenzangu aliyelazwa. Sitaki kumcheka, maana alisema kweli na mimi nilimwona aliporudi shuleni amekonda kama fito. Kipindupindu kilipozuka nchini Oktoba 2022 hakikuwa hadithi ya kutishia watoto. Lakini msomaji, tuulize ni chakula gani kilichomdhuru. Shirika la Afya Duniani hufundisha kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe bila moto zaidi ya saa 2, na kwamba vijidudu huongezeka kwa kasi chakula kinapokuwa vuguvugu, yaani kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60. Kiazi kinachotoka kwenye mafuta yanayochemka kimepita huko mbali. Mimi simshuku kiazi. Namshuku kachumbari, nyanya zilizokatwa tangu alasiri na kuoshwa kwa maji ya ndoo iliyooshea pia vikombe. Kwa hivyo dawa si kumfukuza muuzaji. Dawa ni kumwuliza: maji yako umeyatoa wapi, na ukwaju wako umeufunika? Ukimfukuza atakwenda kuuzia uchochoroni ambako hakuna mtu wa kumwuliza, nasi tutamfuata huko huko kwa sababu tuna njaa. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Nani kati yetu hajawahi kushuka kwenye basi usiku akitafuta chapati?

Na wa kumwuliza yupo, kwa mujibu wa sheria. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya kutoa leseni kwa wanaouzia umma chakula na kuwasimamia. Anayeshika chakula hutakiwa kupimwa afya kila baada ya miezi 6. Mama anacho cheti hicho. Amekitia kwenye fremu kama picha ya arusi. Pombe nayo imewekewa saa. Sheria ya vileo ya 2010, ile watu waliyoibandika jina la Sheria ya Mututho, ilisema siku za kazi baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni na kufungwa saa tano usiku. Lo! Pombe inaijua saa yake, kiazi hakiijui. Halafu ikifika hiyo saa tano, wanywaji hutolewa nje wote kwa mpigo, wana njaa na wana kelele, na wanamkuta nani? Wanamkuta mama na karai la mafuta ya moto.

Leseni ya mama inasema anauza chakula. Kuhusu usiku, kimya. Mtu akija saa sita akamwambia, "Funga!", hana andiko la kumwonyesha. Na yeye akimwambia mlevi, "Nimefunga," hana andiko pia.

Mwalimu wetu wa Historia alinieleza kwamba kule Uingereza wana sheria ya 2003, iliyoanza kutumika Novemba 2005. Chini ya sheria hiyo, anayeuzia watu chakula cha moto au kinywaji cha moto kati ya saa tano usiku na saa kumi na moja alfajiri sharti, kwa kawaida, awe na leseni ya kazi hiyo hasa. Maombi yake hupimwa kwa mambo 4: kuzuia uhalifu, usalama wa watu, kuzuia kero kwa majirani, na kuwalinda watoto. Sisemi tuige kila kitu cha Wazungu. Huenda ada zao peke yake zingemfilisi mama kabla ya Ijumaa. Kilichonipendeza ni kwamba wamekiri kuwa usiku upo, na wakauandikia.

Basi nasi tuuandikie. Leseni ya usiku imtaje muuzaji, mahali pake na saa zake, na namba yake ibandikwe mezani isomeke na yeyote, hata mlevi. Mahali hapo pawe karibu na kituo cha matatu au bodaboda penye taa, si uchochoroni. Maji ya kunawa yawepo, na pipa la taka, na meza isizibe njia ya kigari cha mgonjwa. Jiko liwekwe mbali na mitungi ya gesi na mbali na pikipiki zinazotiwa petroli kwa chupa, jambo ambalo nimeliona kwa macho yangu na likanisisimua mwili. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024 kule Embakasi, Nairobi, gesi ililipuka karibu na makazi ya watu. Wako waliofariki na mamia wakajeruhiwa. Moto hautofautishi mwenye kibanda na mpita njia.

Wako watakaosema leseni nyingine ni mtego mwingine wa pesa. Hofu hiyo ninayo pia. Anayeuza viazi vya shilingi 20 hawezi kulipa sawa na mwenye hoteli ya ghorofa. Itozwe kidogo, ilipwe mahali pamoja karibu na nyumbani, na stakabadhi itolewe. Ikiwa kuipata kutamgharimu mama siku 3 za kupanda ngazi za afisi, atarudi gizani, nami sitamlaumu.

Limebaki jambo moja, na hapa najikata mwenyewe. Nilisema Waingereza huwafikiria watoto. Leseni yetu nayo iseme mtoto wa shule asiuze baada ya saa tatu za usiku. Nilipokuwa darasa la sita, kafyu ilipokwisha, nilikuwa nikisimama pale mpaka saa sita, nikipokea pesa na kufunga viazi kwenye gazeti. Kesho yake nililala kwenye dawati, na mwalimu akadhani ni uvivu. Kuna usiku mwanamume mmoja aliniuliza bei ya viazi mara 4, na macho yake hayakuwa kwenye viazi. Mama alimwona. Alinituma nyumbani na yule muuguzi, na tangu siku hiyo sikuuza tena usiku mpaka likizo ya Kidato cha Pili. Kipato kilipungua. Jioni nyingine tulikunywa uji tu. Kwa hivyo ninaposema mtoto asiwepo, sisemi kama mtu asiyejua bei ya neno hilo. Ndiyo maana ada iwe ndogo, ili mama aweze kumlipa kijana mkubwa wa kumsaidia.

Mama nilimsomea makala haya kabla sijamletea Mhariri. Alisikiliza huku akimenya viazi. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu, kama leseni hiyo ya usiku itatolewa kabla ya Ramadhani. Nikamwambia haipo, hii ni hoja yangu tu. Akasema, "Aa," akaendelea kumenya.

Mwenyekiti wa chama amenidokezea kwamba hoja ile huenda ikarudishwa barazani muhula ujao. Naomba niandikwe upande wa upinzani, tena msemaji wa kwanza. Na wewe mwenzangu uliyelazwa, njoo upande wangu, kwani ushahidi wako nauhitaji zaidi ya watetezi. Mama anasema siku utakayopita Likoni viazi vyako havilipiwi. Kachumbari ataikata ukiona.