Pikapu Kuukuu Si Chuma Chakavu

Ukipita katika miji yetu ya pwani ya kusini, tangu Ukunda hadi Msambweni, kisha ukapanda huku kwetu Kinango, huchelewi kuona jambo moja. Nyuma ya nyumba, chini ya mwembe au mkwaju, imelala pikapu iliyokufa. Magurudumu yametolewa, boneti imekuwa pa kuanikia muhogo, na kuku wanataga katika kiti cha dereva. Ukimwuliza mwenyewe atakujibu kwamba gari limekwisha, naye anamngoja mnunuzi wa chuma chakavu. Na pengine huyo huyo ana gari jingine la mkopo ambalo riba yake inamkosesha usingizi.

Mimi nasema gari lile halijaisha. Tena nasema kwamba pikapu ya namna hiyo, ikitengenezwa kwa akili na subira, yaweza kumchukua baba na wanawe ikawapeleka nyika, wakalala huko siku mbili tatu, wakaijua nchi yao kwa macho na si kwa kusimuliwa. Najua wako watakaocheka. Watasema, huyu ana wazimu gani wa kutaka kulala nje ilhali ana kitanda nyumbani? Hayo, watasema, ni mambo ya Wazungu wa Diani.

Ndugu msomaji, si kweli. Wavuvi wa Vanga na Shimoni, na ndugu zetu wa Pemba, wamekuwa wakienda dago tangu zama za mababu. Huhamia ufuko au kisiwa chenye samaki, wakajenga vibanda vya makuti, wakapika, wakasali jamaa na kulala huko mpaka kazi iishe. Wafanyabiashara wa pwani wa karne ya 19 walikwenda bara kwa misafara, wakapiga kambi kila jua lilipowachwea. Kulala nje ni kwetu. Kigeni ni lile hema la juu ya gari ambalo bei yake yaweza kununua ng'ombe.

Na kutengeneza cha zamani nako ni kwetu. Babu zetu hawakulitupa jahazi kwa sababu limeanza kuvuja. Walilipandisha pwani maji yakitoka, wakalikalafati kwa pamba, wakalipaka sifa juu na deheni chini, likarudi majini msimu mwingine. Jahazi moja lilirithiwa na mwana na mjukuu. Leo mjukuu yule yule aona aibu kuendesha pikapu iliyoendeshwa na babake. Wazee wetu hawakukosea waliposema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Nitoe mfano wa pikapu aliyotuachia marehemu baba, Mwenyezi Mungu amrehemu. Ni Toyota Hilux ya mwaka 1986, ya dizeli, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Kwa miaka mingi ilishuka na mbuzi kutoka Kinango hadi Ukunda, ikapanda na nazi na samaki. Baba alipofariki ilikuwa imesimama. Sisi tulikuwa warithi saba, na gari la marehemu si la yule mwenye kushika ufunguo, ni mali ya mirathi. Tukaita mafundi wawili wakaitia bei, kila mmoja akapewa thamani ya fungu lake, ndipo nami nikaichukua. Nalitaja hili kwa kuwa nimeona undugu ukivunjika kwa ajili ya gari lisilokuwa hata na injini.

Sasa, yaanziwa wapi? Vijana wengi huanza na rangi, redio na taa kubwa za mbele. Hiyo ni sawa na kumvisha mgonjwa kanzu ya Idi badala ya kumpeleka hospitali. Kwanza ni chesisi. Upepo wa bahari na maji ya samaki huila chuma kimyakimya. Chukua nyundo ndogo, uigonge chesisi kutoka mbele hadi nyuma. Mlio ukibadilika ukawa mzito na wa kuchoka, hapo pana kutu. Fundi apakate, achomelee bamba jipya, wala asifunike ugonjwa kwa rangi.

Pili ni breki na usukani, maana gari linaloshindwa kwenda ni hasara, lakini lililoshindwa kusimama ni msiba. Tatu ni maji ya injini. Injini hii ya Hilux, ambayo mafundi huiita 2L na yenye ujazo wa sisi 2446, ni mvumilivu ajabu ikipewa dizeli safi na oili kwa wakati wake. Haivumilii kuchemka. Ikichemka, silinda hedi hupasuka, na hapo akiba yako yote itakwenda. Rejeta isafishwe, mipira ya maji yote ibadilishwe, na mkanda wa taimingi usibahatishwe. Wako mafundi wanaoitoa tharmostati na kuitupa, wakidai kwamba nchi yetu ina joto. Hao usiwasikilize. Kifaa kile kimewekwa ili injini ifanye kazi katika joto lake, si baridi mno wala si moto mno.

Nne ni springi, shokamzoba na matairi. Pikapu iliyoongezwa majani ya springi ili kubeba mawe itawarusha wasafiri kama mahindi katika kikaango. Iwe na springi za kadiri ya mzigo wako, na matairi yenye meno mazima, na ya akiba mawili. Rangi ndiyo ya mwisho. Na ukibadili rangi hiyo au injini, nenda ukabadili na kitabu cha gari, usije ukaulizwa njiani ukababaika.

Ataniuliza mtu: pikapu isiyovuta kwa magurudumu yote manne itafika wapi? Nami nitamkumbusha mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953. Peugeot 404, gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma tu, lilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 na 1968 matope yalikuwa mengi hata yakamaliza magari saba tu. Katika miaka hiyo miwili aliyeshika usukani wa gari la kwanza alikuwa Nick Nowicki, na katikati yake, 1966 na 1967, alikuwa Bert Shankland wa Tanzania. Waliofika walifika kwa magari madhubuti na kwa mikono iliyojua njia. Sisi hatushindani na mtu. Twahitaji kufika na kurudi salama.

Penye mchanga, punguza upepo wa matairi kutoka paundi 35 hadi kama 20, kisha uwe na pampu ya kuujaza tena ukifika barabara ngumu. Udongo mweusi ukilowa, hauna bingwa. Simama, chemsha chai, ungoja ukauke. Na korongo likishuka na maji ya mvua, usijaribu kulivuka hata kama yaonekana kufika magotini tu. Maji ya nyika hushuka kwa ghafla, nayo hayamwogopi mwenye gari.

Katika bodi ya nyuma sikuweka anasa. Fundi wa kuchomelea alisimamisha fremu ya mabomba, juu yake tukafunga turubai. Masanduku mawili ya mbao yamekaa ubavuni, moja la vyombo na jingine la spana, na juu yake hutandikwa magodoro. Kuna mitungi miwili ya maji ya lita 20, seredani, birika, sufuria mbili, chandarua, jembe, jeki, na kipande cha ubao cha kuwekea jeki isizame mchangani. Gharama yote, pamoja na kazi ya injini, niliilipa kidogo kidogo kwa miezi 14, bila ya kukopa shilingi. Kila nilipopata nilinunua kipuri kimoja, na kila nilipokosa nilingoja.

Lakini, ndugu zangu, gari ni chombo tu. Jambo kubwa ni safari yenyewe, na hapa ndipo penye uchungu wangu. Watu wa pwani wamekwenda Dubai na Maskati, wamekwenda Nairobi mara mia, na hawajafika Kinango. Kwao sisi ni watu wa nyika. Jina hilo la Wanyika lilitumiwa zamani kwa jamaa zetu wote, na halikuwa la heshima. Ndiyo maana katika miaka ya 1940 wenyewe walishika jina la Mijikenda. Jina limeondoka, lakini dharau bado haijaondoka yote. Kuna mtoto wa Diani anayejua bei ya kumpandisha mgeni ngamia ufukoni, wala hajui kwamba juu ya vilima vile avionavyo kila siku kuna palahala.

Ndiyo, palahala, yule mnyama mweusi mwenye pembe za kupinda nyuma kama jambia. Hifadhi ya Shimba Hills ilitangazwa mwaka 1968, na ni makao yake mashuhuri nchini Kenya. Jirani yake ni Mwaluganje, ambako katika miaka ya 1990 wenyeji, Waduruma na Wadigo, walitenga ardhi yao wenyewe ili ndovu wapate njia. Huko mtu halali apendapo. Hulipa kiingilio, hufuata barabara zilizowekwa, hulala alipoonyeshwa. Nje ya hifadhi vilevile usipige kambi karibu na maji wala katika mapito ya ndovu, maana ndovu hakuhesabu wewe kuwa mgeni wake.

Ukishuka kutoka Kwale hadi Kinango, ukaendelea Ndavaya, au ukapinda Vigurungani na Samburu, utakuta nchi nyingine kabisa. Mnazi unatoweka, unabaki mbuyu na miiba. Usiku ni kimya, na nyota ni nyingi kuliko ulivyopata kuziona mjini. Mtoto akilala hapo usiku mmoja atauliza maswali ambayo shuleni hakuyauliza.

Lakini twendeni kwa adabu. Kabla ya kushusha mkeka, mtafute mzee wa mtaa, msalimu, umwombe ruhusa. Misitu ya kaya si uwanja wa kambi. Ni mahali pa heshima pa wenyeji, na mwaka 2008 UNESCO iliingiza misitu 10 ya kaya za Mijikenda katika orodha ya urithi wa dunia, zikiwamo kaya za Waduruma za Gandini na Mtswakara, na Kaya Kinondo ya huko Diani. Sisi Waislamu tuna itikadi yetu, na kumheshimu jirani na mahali pake hakuipunguzi.

Na maji! Kati ya mwisho wa 2020 na 2022 mvua zilikosekana msimu baada ya msimu, mifugo ikafa, na akina mama wa huku wakatembea mwendo mrefu kwa ndoo moja. Basi ni aibu mtu kuja na gari akasafisha magurudumu mbele ya mama huyo. Njoo na maji yako, tena ya kuzidi. Chai na sukari nunua katika duka la hapo hapo, na mbuzi ukimtaka mnunue kwa mwenyeji kwa bei ya haki. Takataka zako rudi nazo.

Ibada nayo isisahauliwe. Wako wanaodhani kwamba ukishapanda gari basi sala zimepunguzwa. Masheikh wetu wa madhehebu ya Shafii huweka marhala mbili, ambazo wengi huzikadiria kuwa ni zaidi ya kilomita 80. Anayetoka Diani kuja Kinango kwa njia ya Kwale hafiki kadiri hiyo, basi asali kamili, na mwenye shaka amwulize sheikh wake kabla ya kuondoka. Maji ya udhu yahesabiwe pamoja na ya kunywa. Kibla kitafutwe mapema, jua lingali likionekana.

Liko jambo jingine linalonifanya niseme haya leo na si mwakani. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Basi pikapu hizi kongwe hazitakuja nyingine, na kila inayokatwa vipande imekwenda moja kwa moja. Tena mafundi wanaoijua injini isiyo na kompyuta, wanaosikiliza mlio wakajua palipolegea, wanazeeka. Wengine tumekwisha wazika. Elimu yao haimo vitabuni, imo mikononi, na mikono haina mrithi ikiwa hakuna kijana wa kupokea spana.

Kwa hiyo namwambia baba mwenye pikapu chini ya mwembe: usimwite mnunuzi wa chuma. Mwite fundi mzee, umwite na mwanao, uwaache siku nzima pamoja. Huenda fundi akasema gari limekufa kweli. Hapo liuze, hakuna lawama. Lakini akisema lina uhai, anza na chesisi mwezi huu, breki mwezi ujao. Usipakie watoto nyuma katika barabara kuu, usisafiri usiku, na usione haya kwa rangi iliyochujuka.

Nasi tulio Kinango tutawapokeeni, inshaallah. Mkeka upo, na uji wa asubuhi hauna bei.