Hayuko kwa OB

Wasee, hii posti ni ndefu na itaudhi watu. Kama huna muda saa hii, iweke, usome ukiwa kwa mat ukirudi home. Ila usiniletee komenti kabla hujafika mwisho.

Wiki jana nilisema mahali kwamba mashirika ya kutetea haki yanastahili heshima kuliko ile tunayapea. Inbox ikajaa. "Hao si ni wale wa kutetea magaidi?" "Wanakula pesa ya wazungu." Mmoja, na huyu namjua vizuri, alikuwa street June 2024 na bendera mgongoni, akaniandikia: "Uanaharakati ni biashara kama ya waru." Sikumjibu. Namjibu hapa, na wengine wote mliotuma emoji za kucheka.

Tuanzie Mombasa, 2014. Nilikuwa darasa la saba. Jirani yetu alikuwa mama mmoja wa kuuza mahamri na mbaazi asubuhi, na kijana wake nitamwita Salim. Si jina lake. Alikuwa na miaka 19, makanga, mtu wa kelele na utani, ndiye alikuwa ananibebea begi nikichelewa shule. Usiku mmoja baada ya Isha, gari lisilo na namba likasimama, wanaume wakashuka, Salim akaingizwa. Kwisha.

Mama yake akazunguka vituo siku nne. Kila mahali jibu ni moja: "Huyo hayuko kwa OB, mama." Yaani kwa kile kitabu cha polisi jina lake halipo. Na kama halipo, hajashikwa. Na kama hajashikwa, mbona unatusumbua?

Lakini si hiyo ndiyo inaniuma mpaka leo. Kinachoniuma ni mtaa. Ulikuwa mwaka mbaya, kila mtu anaogopa. Februari polisi walikuwa wameingia Masjid Musa, Majengo, vijana zaidi ya mia wakabebwa. Aprili Makaburi, shehe aliyekuwa anashtumiwa kuwavuta vijana kwa Al-Shabaab, akapigwa risasi barabarani nje ya korti ya Shanzu. Huku Nairobi maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikuwa wamezolewa kwa ile operesheni ya Usalama Watch na wengine kufungiwa uwanja wa Kasarani. Kasarani! Pale tunaenda kushangilia mpira.

Na watu wakasema nini? "Kama hana kosa, wangemchukua kwa nini?" Siku ya tatu watu wakaacha kununua mahamri kwa mama Salim. Hakuna mtu alitangaza. Waliacha tu. Mamangu akanipa pesa akaniambia, "Leo pitia kwa yule mama mwingine." Nikapitia. Nilikuwa na miaka 13, lakini nilielewa vizuri sana nafanya nini, kwa sababu nilitembea upande ule mwingine wa barabara ili asinione.

Mtu wa kwanza kukaa tena kwa ile benchi ya mama Salim hakuwa jirani. Alikuwa kijana wa shirika la haki, na faili chini ya kwapa. Akaagiza mahamri mawili, akala, akaanza kuuliza. Jina kamili. Namba ya kitambulisho. Alivaa nini. Gari rangi gani. Nani aliona. Anaandika polepole, anarudia kumsomea mama ahakikishe. Baadaye wakili akaenda kortini kuomba amri polisi wamlete Salim, akiwa hai. Siku ya tisa Salim akatokea. Alitoka kwa bondi, na kesi ilikufa baadaye kwa kukosa mashahidi. Hakuwahi kunibebea begi tena. Wala sikuwahi kumuuliza kwa nini.

Sasa sikiza. Ile kazi, ya kukaa na mama ambaye mtaa wote umemkimbia, ndiyo mnaiita kutetea magaidi.

Na serikali pia iliiita hivyo. Aprili 2015, siku chache baada ya shambulizi la Chuo Kikuu cha Garissa lililoua watu 148, serikali ilichapisha orodha ya wanaohusishwa na ugaidi. Ndani yake kulikuwa na mashirika mawili ya haki ya Mombasa: MUHURI, ambalo limekuwepo tangu 1997, na HAKI Africa. Akaunti zao za benki zikafungwa. Wakaenda kortini. Mwaka huo huo Mahakama Kuu hapo Mombasa ikasema hakuna ushahidi wa kuwaunganisha na ugaidi, na akaunti zikaamriwa zifunguliwe. Lakini miezi yote hiyo, huko kwingine Kenya, nani aliandamana? Nani aliweka hashtegi? Wengi walisema afadhali. Hao ni watu wa Pwani, hao ni Waislamu, hao ni Wasomali. Sheria ya kuzuia ugaidi haituhusu.

Haya. Ruka mbele miaka kumi.

Juni 2025, baada ya maandamano ya kukumbuka waliouawa mwaka uliotangulia, waziri wa usalama wa ndani, Kipchumba Murkomen, alisimama akasema kilichotokea ni ugaidi uliojivika nguo ya upinzani. Vijana wakapelekwa korti ya Kahawa, ile inayosikiliza kesi za ugaidi, wakiwa na mashtaka chini ya ile ile Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012. Vijana kama wewe. Wa Kiambu, wa Umoja, wa Matuu. Watu ambao 2014 wangesema "kama hana kosa, wangemchukua kwa nini?"

Sheria haikubadilika ikawa mbaya 2025. Ilikuwa hivyo tangu zamani. Ni vile tu ilikuwa inajaribiwa kwa mtu ambaye hukumpenda. Panga lilinolewa kwa shingo ya Salim, na sisi tukashika taa ili mnoaji aone vizuri.

Hiyo ndiyo maana ya shirika la kutetea uhuru wa raia, na hiyo ndiyo sababu linaudhi. Haliwezi kumtetea mtu mzuri peke yake. Mtu mzuri ana mtaa, ana kanisa, ana mjomba kwa serikali. Linaanzia kwa yule ambaye hana mtu: mshukiwa, mkimbizi, kijana wa dreadi, shehe ambaye mahubiri yake yanakukera. Mimi sikupenda maneno ya Makaburi hata kidogo. Lakini mtu akituhumiwa, kuna korti, na yeye aliuliwa nje ya mlango wa korti. Ukikubali hiyo mara moja, umekubali kwamba kuna watu hawahitaji kesi. Kilichobaki ni nani ataandika orodha ya hao watu, na wewe hutaulizwa.

Najua mtasema nahubiri. Basi niwape upande wangu wa pili.

Tarehe 25 June 2024, rafiki tuliyekuwa tunakaa naye Roysambu alishikwa Moi Avenue. Nilijua kwa sababu mtu alichukua simu yake iliyoanguka akanipigia. Nikazunguka vituo vitatu usiku huo, macho bado yanawasha teargas. Cha kwanza: hayuko kwa OB. Cha pili: hayuko kwa OB. Cha tatu, karao hakuinua hata kichwa: "Hayuko kwa OB, dada, enda nyumbani."

Nilikaa kwa ngazi nikalia, na sikuwa nalia rafiki yangu peke yake. Nilikuwa nasikia sauti ya mama Salim.

Nikapiga namba iliyokuwa inazunguka kwa simu za watu, ya mawakili wa kujitolea. Mwanamke akashika. Hakuniuliza kabila. Hakuniuliza kama rafiki yangu alirusha mawe. Akauliza: jina kamili, namba ya kitambulisho, alivaa nini, mara ya mwisho alionekana wapi. Maswali yale yale ya yule kijana wa faili. Saa nane usiku wakili akampata kituo cha nne, ndani ya seli, hajaandikwa popote. Asubuhi alikuwa nje. Hatukulipa hata bob.

Kuna familia nyingi hawakupata simu kama hiyo. Tume ya kitaifa ya haki za binadamu ilihesabu angalau watu 60 waliouawa katika maandamano yale ya 2024. Na unajua kwa nini kuna hesabu? Kwa sababu kuna watu walienda mochari moja moja. Kuna madaktari wa IMLU ambao huingia kwa upasuaji wa maiti kwa niaba ya familia, ili ripoti isiseme "alianguka" kama mwili unasema risasi. Kuna watu wa Missing Voices ambao kazi yao ni kuhesabu wale polisi wamewaua na wale wamepotezwa, mwaka baada ya mwaka, hata ule mwaka ambao hakuna anayetrendi. Na Hussein Khalid, mnayemwona kwa TV na VOCAL Africa akisimama na familia za waliouawa? Mwaka ule wa orodha, ndiye alikuwa anaongoza HAKI Africa. Mtu ni yule yule. Ni nyinyi mmebadilisha jina lake kutoka mtetezi wa magaidi hadi shujaa.

Sasa twende kwa hoja zenu, moja moja.

"Wanalipwa na wazungu." Ndiyo, mengi yanapata pesa za wafadhili. Serikali pia. Julai 2024 Rais alipoilaumu Ford Foundation kwa kufadhili maandamano, na wao wakakana, nilicheka, kwa sababu barabara ngapi, dawa ngapi, semina ngapi za serikali hii zinalipwa na hao hao wafadhili? Dai hesabu, ni haki yako. Lakini hebu niulize: kama hutaki mtetezi wako alipwe na mgeni, wewe umemlipa pesa ngapi?

"Korti hazisaidii." Hapa nawaelewa. Kuna maagizo ya korti ambayo wakubwa wameyapuuza mchana peupe. Lakini wewe unayeniandikia hivyo kwa komenti, unajua kwa nini unaandika ukiwa kwa kitanda chako? Kulikuwa na kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano. Kilifanya posti "ya kuudhi" kuwa kosa, faini hadi elfu 50 au miezi mitatu ndani. Mabloga wakawa wanabebwa nacho. Mmoja akaenda kortini, shirika la ARTICLE 19 likaungana naye, na Aprili 2016 Mahakama Kuu ikakifuta. Tena Oktoba 2025, Rais alipotia saini marekebisho ya sheria ya makosa ya mtandao, KHRC na msanii Reuben Kigame walikuwa kortini haraka, na jaji akasimamisha sehemu ya kifungu ambacho kingeweza kukutupa ndani miaka 10 au kukutoza hadi milioni 20. Ulikuwa unajua? Siku hiyo wengi wetu tulikuwa tunabishana kuhusu nani ameachana na nani.

"Wako mbali na watu." Hii ni ya kweli, na hapa sitawatetea. Ripoti inaandikwa kwa Kizungu cha profesa, inazinduliwa kwa hoteli Westlands, chai na sambusa, na mama wa Mathare ambaye mwanawe yuko ukurasa wa 34 hajui imesema nini. Acheni hiyo. Andikeni kwa Kiswahili. Leteni uzinduzi kwa uwanja wa mtaa. Mkitaka tuwatetee, tuelewe mnachofanya.

Lakini kumbukeni pia Julai 6, 2025, siku moja kabla ya Saba Saba. Kina mama walikuwa kwa ofisi ya KHRC Nairobi, wanaongea na waandishi wa habari, wanaomba vita dhidi ya watoto wao viishe. Genge likavamia ofisi hiyo na silaha. Mtu hatumi goons kwa biashara ya waru, buda. Anatuma mahali ambapo panamuuma.

Kwa hivyo sitaki lawama zako leo, wala likes. Nataka vitu vitatu. Kwanza, tafuta namba ya dharura ya shirika moja la haki, iandike kwa karatasi, mpe mathe wako, kwa sababu siku utakapoihitaji simu yako haitakuwa mkononi mwako. Pili, shika Kifungu cha 49 cha Katiba: uelezwe kwa nini umeshikwa, uongee na wakili, na ufikishwe kortini ndani ya saa 24. Hiyo haijalishi umeshikwa kwa nini. Na Kifungu cha 22 kinasema unaweza kwenda kortini kwa niaba ya mtu mwingine, na hakuna ada ya kufungua kesi hiyo.

Tatu ndiyo ngumu. Wakati mwingine mtu akipotezwa, na ukasikia roho yako inasema "lakini huyo naye...", nyamaza hapo. Usimalize hiyo sentensi. Muulize jina. Uliza alivaa nini. Nenda ununue mahamri kwa mamake.

Mama Salim bado anauza. Niliporudi Mombasa Disemba nilikaa kwa ile benchi. Nilitaka kumwomba msamaha, nikashindwa nianzie wapi. Akanitazama, akaniwekea mahamri mawili juu ya gazeti, akasema, "Siku hizi nyinyi pia wanawachukua, mwanangu. Pole."

Yeye ndiye alinipa pole.