Lori lililokodiwa kwa siku, nani analihesabu?

Barabara ikijengwa vibaya, mashimo yatasema. Zahanati isipomalizwa, kuta zitabaki bila paa na kila mpita njia ataona. Lakini lori lililokodiwa kwa siku likilipwa bila kufanya kazi, kesho yake hakuna cha kuonyesha. Jua limetua, siku imekwenda, kilichobaki ni karatasi yenye sahihi.

Ndiyo maana, katika matumizi yote ya serikali za kaunti hapa Pwani, mimi nayatilia shaka zaidi malipo ya siku: malori ya taka, matingatinga ya kusukuma jaa, mashine za kuzibua mitaro masika yakikaribia. Sisemi kila anayelipwa hivyo ni mwizi. Wako wenye malori wanaofanya kazi ya haki na kukaa miezi wakidai. Nasema mlango huu ni mpana na hauna bawabu.

Tufanye hesabu kidogo, maana nilisomea uhasibu kiasi cha stashahada na haujanitoka. Bei hii ni ya mfano wangu, si ya kaunti yoyote. Lori moja shilingi 15,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ni 390,000. Malori kumi kwa mwaka ni milioni 46.8. Sasa kila lori liandikiwe siku moja tu ya uongo kwa wiki. Kwa mwaka ni milioni 7.8 zimelipwa bila gurudumu kuzunguka. Na hakuna atakayegundua, kwa sababu taka huwa zimebaki mtaani hata siku za kazi ya kweli.

Hapa Mombasa taka za kisiwani huvuka daraja hadi jaa la Mwakirunge, kule Kisauni. Ni safari, na foleni zetu mnazijua. Anayelipwa kwa siku, aende mara moja au mara nne, pesa ni zile zile. Kwa nini basi aharakishe? Anayelipwa kwa tani iliyopita kwenye mizani, au kwa uchache kwa safari iliyoandikwa langoni, ana sababu ya kurudi Majengo na Kongowea kabla ya alasiri. Kabla ya kuuliza nani ameiba, tuulize kwanza tunanunua nini: siku, au taka zilizoondoka?

Watu huniambia, si kuna Mkaguzi Mkuu wa Hesabu? Yupo. Lakini tazama kalenda. Lori lililokodiwa Julai 2024 limo katika mwaka wa fedha unaokwisha Juni 2025. Katiba, kifungu cha 229, inampa Mkaguzi miezi sita kutoa ripoti, yaani hadi Desemba 2025. Bunge la kaunti nalo lina miezi mitatu ya kuijadili. Tumefika Machi 2026. Nani atakumbuka kama siku ile lori lilionekana? Mkaguzi atauliza vocha na daftari, ataletewa vocha na daftari. Msimamizi wa Bajeti huidhinisha pesa zinapotoka na hutoa ripoti zake, lakini hawezi kusimama langoni Mwakirunge.

Kuna na ujanja mwingine. Kukodi kwa siku ni rahisi kukatakata: siku tano kwa huyu, siku nane kwa yule, ili zabuni ya wazi isihitajike. Sheria ya ununuzi ya 2015, kifungu cha 54, inakataza waziwazi kugawa manunuzi kwa nia hiyo.

Hata vibarua wanaofagia wameingizwa humo humo. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtambua kibarua kuwa mtu aliyechukuliwa kwa muda usiozidi saa 24 na kulipwa mwisho wa siku. Akifanya kazi mfululizo mwezi mzima, hali yake inabadilika na haki zake zinaongezeka. Mama anayefagia barabara ile ile miaka mitatu akiitwa wa siku, huyo amedhulumiwa. Na orodha ya majina yasiyo na sura inajificha nyuma ya jina lake.

Pagumu ni kwamba tunajuana. Lori huenda likawa la shemeji ya mtu, na mwakilishi wadi anayepaswa kuuliza ndiye aliyekula naye pilau ya harusi. Kwa hiyo kazi ya kuuliza isiachiwe yeye peke yake. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuomba rekodi hizi kwa maandishi, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21.

Barua haihitaji wakili. Omba mambo manne: nambari za usajili za malori yaliyokodiwa wadini mwenu mwezi uliopita, siku zilizolipwa kwa kila moja, bei ya siku, na daftari la langoni jaani kwa tarehe hizo hizo. Ukiambiwa daftari la langoni halipo, waulize siku hizo zilihesabiwa kwa kitu gani.